Nyumba Inayojilinda Yenyewe

Jumatatu, 8 Julai 2024

Baridi. Mlima Meru umejifunika tangu juzi. Nimefukuzwa kazi, ila kwa adabu.

Bosi Yoeli alinikuta barazani nakwangua matone ya saruji kwenye vigae, kabla hajaondoka kurudi kazini kwake Dodoma. Akasema nyumba imekwisha, na kuanzia Jumamosi itajilinda yenyewe. Kamera zitaona. Geti litajifungua na kujifunga. Taa zitajiwasha mtu akipita. Sasa mlinzi wa nini? Akanishukuru. Jumamosi mchungaji anakuja kuiweka nyumba wakfu, nile, ninywe, halafu nirudishe ufunguo wa chumba cha uani.

Hapo kwenye ufunguo ndipo nilipoacha kukwangua.

Mimi ni saidia fundi, ulinzi nimeuongeza tu ujenzi ulipokaribia kwisha. Nimetoka Tandahimba kijana, nimelala juu ya mifuko ya saruji Singida, Babati, Moshi, na hapa Arusha, Sokon I, mwanzoni. Nimechanganya zege la vyumba vya watu wengi. Hiki cha uani ndicho cha kwanza ambacho ufunguo wake unakaa mfukoni mwangu. Kina vigae. Kina soketi. Kina dirisha la kioo. Mke wangu Swabaha hajawahi kuja huku kwa sababu hapakuwa na pa kumlaza. Nimeshamwahidi aje mwezi wa nane, kabla korosho hazijaanza. Nimemwelezea vigae mpaka rangi.

Sitoki.

Anayenitoa hasa ni Stanley, kijana wa duka moja la Njiro linalouza akili za nyumba. Nyumba unajenga mwenyewe, akili unanunua kwao. Anasema anayejenga Arusha sasa bila kuweka hivi vitu anajenga banda. Viatu vyeupe. Vyeupe, kwenye saiti! Ananiita Mzee wa Zege.

Leo alikuwa anaandikisha vidole kwenye kufuli la mlango mkubwa. Akaandika cha bosi, akaandika cha Koko. Na mimi nikanyoosha changu, maana hadi Jumamosi bado ni mfanyakazi. Mashine ikakataa. Tukajaribu vyote, pamoja na vya mkono wa kushoto. Ikakataa. Stanley akaviangalia kwa taa ya simu, akasema saruji imekula alama zote.

“Mzee wa Zege,” akasema, “mashine inasema wewe haupo.”

Koko ni mama yake bosi, Bibi Namnyaki. Waarusha bibi wanamwita koko, nami namwita hivyo. Amehamishiwa hapa kutoka nyumba yake ya zamani pamoja na ng'ombe wake, na zizi nalo limefungwa kufuli la umeme. Kuni zimepigwa marufuku, jiko ni la gesi. Stanley alitukusanya akatueleza. Darini kuna vidude vya moshi. Nyumba ikinusa moshi inafungua milango yote, geti na zizi, ili watu na mifugo wasiungue. Ilikuwa na king'ora pia, ila walipokijaribu ndama alianguka kwa mshtuko, Koko akaagiza kizimwe. Kikazimwa.

Chumba changu tu ndicho kisicho na kidude. Stanley alisema hakuna cha kuungua mle.

Jumanne, 9 Julai

Mpango ulikuwa mzuri. Nasema hivyo hata sasa.

Kama nyumba ingeibiwa mchana kweupe, na mimi ndiye niliyemkamata mwizi, nani angenitoa? Nikazungumza na Yiamat, jirani anayechunga mbuzi. Aruke ukuta wa nyuma, nimkamate, nipige kelele, watu wajae, kisha nimwachie kwa huruma. Malipo ni sahani ya wali. Akakubali, ila akauliza kama wali una nyama. Nikamwambia una nyama.

Shuka lake linajulikana mtaa mzima, kwa hiyo nikamvalisha koti langu. Stanley alipokwenda kula, Yiamat akaruka. Akasimama katikati ya uwanja akisubiri kukamatwa. Mimi nilichelewa kidogo, nilikuwa bado napanga maneno nitakayowaambia watu.

Ukuta ukaongea.

Sauti ya bosi, juu ya mlango wa jikoni, wazi kabisa, naye yuko Dodoma. Nikavua kofia. Nikasema shikamoo bosi. Ukuta ukasema marahaba. Ukaniuliza kwa nini Yiamat amevaa koti ambalo yeye alinipa Krismasi. Kabla sijajibu, Yiamat akauelezea ukuta kila kitu, tangu mwanzo, pamoja na wali. Watu waaminifu wanaharibu sana kazi.

Ukuta ukauliza kama nina la kuongeza. Nikasema nilikuwa naijaribu mitambo. Ukuta ukasema asante, mitambo imefaulu.

Jioni Stanley alionyeshwa video. Akaniomba nirudie pale pa kuvua kofia.

Yiamat kala wali wake. Akarudi kuulizia nyama.

Jumatano, 10 Julai

Mwenyezi Mungu ana njia zake.

Nimeamka alfajiri kutawadha, nikakuta geti wazi. Mlango mkubwa, ule usionitambua, wazi. Ule wa kioo wa sebuleni umejisogeza hadi mwisho. Ng'ombe wote wametoka zizini wamesimama mlangoni mwa jikoni kama watu wanaosubiri huduma. Safari hii mikono yangu haikuwemo. Niliapa mara mbili kabla hata ya kuulizwa.

Niliwarudisha ng'ombe, nikasimama getini na rungu. Kamera ilikuwa juu yangu, kwa hiyo nilisimama vizuri.

Stanley alikuja mbio. Akatazama simu yake, akasema nyumba imeandika kwamba kulikuwa na moshi. Moshi gani, hapa hakuna jiko la kuni? Akamuuliza Koko, kwa heshima, kama amepika kwa kuni. Koko akamwambia anapika kwa gesi, kama alivyoelekezwa na mwanawe, na chai yenyewe ameichemshia hapo. Stanley akasema basi kidude ni kibovu. Akakibadilisha. Akaondoka na matope kwenye viatu.

Mimi nikampigia bosi. Nikamwambia mimi si msomi, niliishia darasa la tano, lakini plasta naijua. Plasta mbichi inatoa mvuke, mvuke unakichanganya kidude. Ni ugonjwa wa nyumba mpya, unataka mtu wa kukaa nao karibu. Ni uongo, plasta ile imekauka tangu Pasaka. Lakini niliusema taratibu, na uongo ukisemwa taratibu una uzito wake.

Bosi akafikiri. Akasema basi, mpaka tatizo lijulikane, Selemani abaki.

Nikafagia chumba. Nikasogeza kitanda upande wa dirisha, Swabaha anapenda mwanga.

Alhamisi, 11 Julai

Leo tena. Milango wazi, ng'ombe jikoni. Kidude kipya kabisa. Nikaanza kuuamini ugonjwa wa plasta.

Halafu pua yangu ikaamka. Kulikuwa na harufu, si ya chakula. Nikazunguka nyuma hadi dirisha la stoo ya jikoni, nikachungulia.

Koko alikuwa ameketi kwenye kigoda, mlango wa stoo ameufunga. Mbele yake vibuyu. Ameshika kijiti kinachowaka ncha, anakitumbukiza ndani ya kibuyu, anakizungusha, moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu unapanda darini. Kisha anatikisa, anakung'uta, anachukua kingine. Moja kwa moja chini ya kidude.

Kwetu hatufugi ng'ombe. Maziwa ya Tandahimba yanatoka dukani. Baadaye nilimuuliza kijanja, akanielezea kama anamfundisha mtoto. Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji peke yake, kinachomwa ndani kwa mti wa loirien, mzeituni wa porini, ndipo maziwa yanakaa na yanakuwa na ladha. Kila asubuhi, kabla ya kukamua. Amefanya hivyo tangu alipoolewa. Ng'ombe wenyewe wakisikia harufu hiyo wanajua wanaitwa. Nikamuuliza mbona hakumwambia Stanley. Akashangaa. Stanley aliuliza habari za kupika.

Ningeweza kumpigia bosi hapo hapo. Nililiwaza jambo hilo kwa muda wa kuvaa viatu. Kisha nikarudi nyuma ya nyumba nikalifunga dirisha la stoo kwa nje, moshi usipotee bure.

Stanley amekuja, amebadilisha kidude cha pili. Hachekicheki tena. Jumamosi amewaalika wateja wake waje waione nyumba ikifanya kazi. Akaniuliza mimi, Mzee wa Zege, naonaje. Nikamwambia plasta.

Jioni janga. Koko anasema vijiti alivyotoka navyo kule nyumbani vimebaki viwili. Huku mjini haoni pa kuvipata. Labda atajaribu yale maziwa ya kwenye friji.

Vijiti vikiisha, ugonjwa unapona. Ugonjwa ukipona, chumba kimekwenda.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepanda Nkoaranga, huko mteremkoni mwa Meru.

Kuna mama alinielekeza kwa mzee mmoja aliyekata mti wa loirien shambani kwake, kwenye mpaka wa kahawa na migomba. Hakusema kwamba kijia kinapanda kama ngazi na kimelowa. Nilianguka nikienda. Mzee yule alipoona mimi si mtu wa huku, akaniuliza mti huo naufanyia nini. Nikasema mambo ya teknolojia. Akanifungia mzigo. Nikaomba mwingine. Nikaanguka nikirudi, mara hii nikiwa chini ya mizigo.

Swala ya Ijumaa imenipita. Mungu anisamehe, nilikuwa kazini.

Koko alipouona mzigo aliinuka kwenye kigoda. Akaushika, akavunja kijiti, akanusa. Akasema tangu ahamishiwe kwenye nyumba hii hakuna aliyemletea kitu alichokitaka mwenyewe, wanamletea rimoti. Akanimiminia maziwa ya kibuyu. Yana vipunje vyeusi vya mkaa na uchachu unaopanda puani. Nikanywa yote. Akajaza tena.

“Ero,” akaniambia, hivyo ndivyo wanavyomwita kijana, nami nina mvi, “wewe una mama aliyekulea.”

Nilijisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Alfajiri milango ilifunguka tena, na kidude cha tatu kimewekwa. Stanley amelala chali sakafuni kwenye stoo ya jikoni, anakitazama kama mgonjwa wake. Leo hajaniita Mzee wa Zege, ameniita mzee tu.

Nimempigia Swabaha. Nimemwambia chumba ni cha kudumu, anaweza kukata tiketi. Akasema ameshawaambia wanawake wote wa mtaani habari za vigae.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Kulikucha vizuri. Hata milango ilikuwa imefungwa, na mimi nikaingiwa na hofu. Koko hakuchoma kibuyu asubuhi. Akaniambia nisijali, na kuni zote hizi, na wageni wote hawa, leo anataka kuwanywesha maziwa ya kwake. Atachoma baadaye, kwa pamoja. Vyote, hata vile vya harusi yake vilivyokuwa vimetundikwa.

Nilipaswa kusema kitu. Lakini nilifikiri, tatizo likitokea mbele ya bosi mwenyewe, si ndiyo uthibitisho? Nikamsogezea kuni.

Bosi alikuwa amerudi. Sebuleni wamejaa. Stanley amevaa tai na amekuja na wateja wake. Mmoja ni Mama Skolastika, ana ng'ombe wa maziwa Nduruma na anajenga. Stanley aliwaonyesha taa, mapazia, kufuli. Akaniita mbele nijaribu kidole, waone jinsi mtu asiyehusika anavyozuiwa. Nikajaribu. Nikazuiwa. Wakapiga makofi.

Kisha Mchungaji Nathanael akasimama kuomba. Kila mtu akafumba macho, nami nikainamisha kichwa kwa heshima. Akaomba afya, akaomba amani ya ndoa, akaomba milango ya nyumba hii ifungwe dhidi ya kila asiyestahili kuingia.

Mlango wa kioo ukajisogeza polepole hadi mwisho.

Mchungaji alisikia upepo, akaendelea, akafikiri ni neema. Mimi nilikuwa nimefumbua jicho moja. Ng'ombe wa kwanza alisimama kizingitini akanusa. Harufu ya loirien ilikuwa imejaa nyumba nzima. Akaingia. Wenzake wakamfuata, kwato zikiteleza kwenye vigae, wakapita kati ya viti wakielekea jikoni kukamuliwa. Mmoja hakufika. Alisimama nyuma ya mchungaji, akamwekea pua shingoni wakati wa kusema amina.

Sitaandika yote. Mchungaji alipanda kwenye kochi. Kochi lilikuwa bado na nailoni yake.

Walipotulia, Stanley, ambaye wiki nzima alilaumu vidude bila kutazama kamera, akawasha televisheni kubwa ili aone nini kimetokea. Ikatokea stoo, Koko, vibuyu, moshi. Watu wakasema aaa. Ningekuwa Stanley ningeishia hapo. Akarudisha nyuma. Ijumaa: mimi getini, chini ya mzigo wa kuni, naongea peke yangu na kutabasamu. Alhamisi: mimi nyuma ya nyumba, nafunga dirisha la stoo kwa nje, nalipapasa kuhakikisha limebana. Na sauti ilikuwepo. Nasema, “Choma mama, choma.”

Jamani, kamera. Nilizisahau kabisa.

Bosi hakupiga kelele. Alininyooshea mkono, nikatoa ufunguo. Hapo Koko akatoka jikoni, kibuyu mkononi, akauliza kwa nini watu wamesimama na maziwa yapo. Wakamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Nimeishi na moshi huu miaka yangu yote,” akasema. “Hakuna mlango uliowahi kunikimbia.” Kisha akamwambia mwanawe kwamba nyumba hii itakaa naye au itakaa na vidude, achague, lakini huyu kijana wa kuni haondoki, kwa sababu ndiye peke yake humu aliyemuuliza habari za vibuyu.

Wageni wakanywa maziwa. Wengi waliomba tena.

Mama Skolastika akamvuta Stanley pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia. Anataka kujua kama na yeye anaweza kuwekewa geti la hivyo, linalowafungulia ng'ombe asubuhi waje wenyewe kukamuliwa. Kijana wake wa zizini haamki mapema. Stanley akafuta jasho, akasema hiyo ni huduma yao maalumu. Akachukua vipimo.

Jumapili, 14 Julai

Hukumu imetoka baada ya ibada yao.

Bosi alizunguka nyumba nzima na Stanley, wakiangalia darini. Kuving'oa vidude hataki, amesema bila hivyo mitambo yote haina maana. Kumkataza mama yake hawezi, alijaribu wakati wa chai na chai ikapoa. Kuchomea nje Koko hataki. Upepo wa Julai unazima kijiti, na vibuyu si vitu vya kuwaanikia wapita njia.

Wakasimama uani. Wakageuka wote wawili kwa pamoja.

“Kuna chumba kimoja tu hapa ambacho hakina kidude,” Stanley akasema.

Kwa hiyo mimi nimebaki kazini. Kazi yangu sasa ni kuni za Koko na kuwapeleka ng'ombe kukamuliwa. Ni ya kudumu. Bosi amesema hata nyumba ikijilinda, haiwezi kupanda Nkoaranga. Nimeshinda, ukitazama kwa upande huo.

Chumba kimekuwa cha vibuyu. Wametoa kitanda changu. Koko ameweka kigoda chake pale penye mwanga, chini ya dirisha. Amevisifia vigae, anasema majivu yanafagilika upesi. Ufunguo anao yeye, kaufunga kwenye ncha ya khanga.

Mimi niko stoo ya vifaa nyuma ya zizi. Kuna mifuko ya saruji iliyobaki, imeganda. Nimeipanga na kuitandika. Mwili umeikumbuka.

Swabaha amepiga mara mbili. Sijapokea.

Jumatatu, 15 Julai

Mlima umefunguka leo, mpaka kileleni. Kichwa changu nacho kimefunguka. Nimelala macho wazi juu ya saruji, na kumepambazuka nikiwa na jibu.

Tatizo ni nini? Vibuyu vimehamia chumbani kwangu kwa sababu hakina kidude. Sababu pekee. Sasa kikiwa na kidude, je? Vibuyu vitatoka. Sijui kwa nini bosi na Stanley, watu waliosoma, hawakuliona hili.

Stanley alikuja kuchukua ngazi yake. Viatu vyake sasa ni vya rangi ya udongo, kama vya watu. Nikamkumbusha kwamba vile vidude alivyoving'oa wiki iliyopita havikuwa vibovu, hata yeye amekubali, na anavyo kwenye begi. Nikamwomba aniwekee kimoja darini mwa chumba cha uani, kimya kimya, Koko akiwa anakamua kesho.

Akanitazama sana. Akasema, “Mzee wa Zege, Koko akichoma humo na kidude kipo, si geti litafunguka tena na ng'ombe watarudi sebuleni?”

Nimemwambia hayo ni mambo ya kiufundi, na fundi ni yeye.

Amesema atakuja kesho. Alikuwa anacheka, lakini atakuja.

Nimempigia Swabaha. Nimemwambia akate tiketi, chumba kipo.